Volti za Wapi, Ampea za Lini? Kukokotoa Ukinzani na Nguvu ya Umeme

Habari za jioni, mabibi na mabwana. Hesabu ya leo ni kugawanya na kuzidisha tu. Ukishapima volti (msukumo wa umeme) na ampea (kiasi cha mkondo unaopita) za kifaa, gawanya volti kwa ampea, utapata ukinzani, yaani jinsi kifaa kinavyouzuia mkondo, kwa omu. Zidisha volti kwa ampea, utapata nguvu kwa wati. Birika la umeme linalovuta ampea 8 kwenye volti 240 lina ukinzani wa omu 30 na linatumia wati 1,920. Kama mambo yangeishia hapo, tungeagana sasa hivi.

Wanaokosea hapa mara nyingi hawakosei kugawanya. Wanakosea namba wanazoziingiza. Tuchukue taa ndogo ya LED nyekundu inayotaka miliampea 20, yaani ampea 0.02, nawe una chanzo cha volti 5. Unataka resista ya kuuzuia mkondo usizidi. Mtu hugawanya 5 kwa 0.02, akapata omu 250, akaridhika. Lakini zile volti 5 hazikai zote kwenye resista. LED yenyewe inashika kama volti 2, kwa hiyo resista imebakiwa na 3, na 3 gawanya kwa 0.02 ni omu 150. Volti zinazohesabiwa ni zile zilizopo kati ya ncha mbili za kitu chenyewe, si zilizoandikwa kwenye chanzo. Na miliampea zigeuzwe kuwa ampea kwanza, tafadhali. Nimeshaona madaftari ya watu wazima yakidai resista ya omu 0.15.

Georg Ohm, Mjerumani, alichapisha kanuni yake mwaka 1827. Uzito wa kazi yake haukuwa katika kugawanya. Alionyesha kwamba kwa waya wa metali, jibu la kugawanya volti kwa ampea hubaki lilelile hata ukiongeza volti, mradi halijoto ya waya isibadilike. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika.

Angalieni balbu ya kizamani yenye uzi wa tungsteni, ya wati 60 kwa volti 240. Ikiwaka inavuta ampea 0.25, kwa hiyo ukinzani wake ni omu 960. Izimeni, ipoe, muipime kwa mita: mtasoma chini ya omu 100. Mita haijaharibika. Uzi ukiwa baridi unapitisha mkondo kwa urahisi zaidi, na ndiyo maana balbu za namna hiyo hupenda kukatika pale tu unapobonyeza swichi, kwa kuwa mkondo wa mwanzo huwa mara kumi au zaidi ya ule wa kawaida. Waya wa nikromu wa kwenye birika haubadiliki sana, kwa hiyo omu 30 zetu ni za kuaminika.

Sasa nifike ninapopapenda. Ukiunganisha kanuni mbili za mwanzo unapata nyingine mbili: nguvu ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, na nguvu hiyohiyo ni volti mara volti, gawanya kwa ukinzani. Ya kwanza inasema ukinzani ukikua, joto linakua. Ya pili inasema ukinzani ukikua, joto linapungua. Ipi ya kweli?

Zote mbili. Jiulize tu ni kipi ambacho hakibadiliki. Soketi ya ukutani inatoa volti zilezile, kwa hiyo kifaa chenye ukinzani mdogo ndicho chenye joto kali. Lakini vitu vikipangwa kwa mfuatano, kimoja baada ya kingine kwenye njia moja, mkondo unaopita humo ni mmoja, na hapo mwenye ukinzani mkubwa ndiye anayechemka. Chukueni balbu ya wati 60 na ya wati 100, zote za volti 240, muziunge kwa mfuatano. Itakayong'aa zaidi ni ile ya 60, kwa sababu ukinzani wake ni mkubwa. Najua wengine hapa hawaniamini, kajaribuni.

Turudi kwenye birika, safari hii plagi imelegea. Mguso mbovu umeongeza nusu omu. Jumla ni omu 30.5, mkondo unashuka hadi karibu ampea 7.87, na kwenye ule mguso zinazalika wati 31 hivi. Birika lenyewe limepoteza wati 62 tu kati ya 1,920, na hakuna atakayegundua. Ila wati 31 katika sehemu ndogo kama ncha ya kidole, zisizo na maji ya kuzipoza, zinatosha kubabua plastiki. Fyuzi nayo haitasema kitu, maana mkondo umepungua.

Kuna swali kule nyuma: je, mota nayo inahesabiwa hivihivi? Hapana, na nashukuru kwa kuuliza. Tuseme mota ya betri, volti 12, inazunguka na kuvuta ampea 1. Mgao unatoa omu 12. Isimamishe, pima waya wake kwa mita: omu 2. Tofauti inatokana na mota yenyewe, kwani ikizunguka huzalisha volti zinazoipinga betri, hapa volti 10. Waya umebakiwa na 2. Kati ya wati 12 zinazoingia, 2 ndizo joto la waya, na 10 zinakwenda kuizungusha mota. Sasa mota ikikwama, zile volti pinzani zinatoweka. Volti 12 kwa omu 2 ni ampea 6, yaani wati 72, zote joto, ndani ya waya uliozoea wati 2. Ukisikia mota inanguruma bila kuzunguka, kata umeme kwanza, hesabu utafanya baadaye.