Usikubali Watoe Themostati: Mazungumzo na Madereva na Mafundi, Ngamiani, Tanga

Assalaam aleikum wazee wangu, shikamooni, vijana wa gereji mambo vipi, na mama zangu mliokaa nyuma kule sogeeni mbele jamani, maana ya nyumbani nayo yamo humuhumu.

Kuna kauli hapa Ngamiani ukipita gereji yoyote utaiskia: "toa themostati tupa, huku kwetu joto, hiyo waliwekewa watu wa kwenye barafu." Themostati ni kile kidude kinachohisi joto chenyewe kikafungua au kufunga njia, kwenye gari ni njia ya maji yanayopoza injini. Nataka leo tuelewane kwenye hilo.

Injini haitaki ubaridi, inataka joto lake, nyuzi 80 na kitu mpaka 90 na kitu hivi, hapo ndo oili inakuwa nyepesi inapita kila mahali na petroli inaungua vizuri. Sasa Tanga hata kaskazi ikikaza tunacheza kwenye nyuzi 32, 33, kutoka 33 kufika 90 si bado mbali sana? Kwa hiyo hoja ya nchi ya joto haina miguu.

Nimekuja nayo moja, pokezaneni muitazame. Hicho kikopo cha katikati ndani kina nta, nta maalumu sio ya mshumaa. Injini ikiwa baridi nta imeganda, springi inabana kisahani, maji hayaendi kwenye rejeta, lile la mbele linalopoza maji kwa upepo, yanazunguka humohumo ndani ya injini ili ipate moto haraka. Ikifika nyuzi 82 au 88, inategemea namba iliyogongwa pale kwenye bati, nta inayeyuka inavimba inasukuma kipini, kisahani kinafunguka, maji yanaenda rejeta yakapozwe, yakipoa nta inanywea na springi inarudisha. Haina waya wala nini, na njia nzima inafungua robo, nusu, inafunga, yenyewe inajipimia. Mi kitu hiki nakipenda kwa kweli.

Ukiitoa je? Unakwenda Segera usiku gari tupu, upepo unapiga rejeta, injini haifiki joto lake, na gari hizi za EFI, yaani zinazopimiwa petroli na kompyuta, kompyuta ikiona injini bado baridi inazidi kumwaga wese, jingine linateremka kwenye oili, oili inapoteza nguvu, ringi za pistoni zinalika polepole bila wewe kujua. Halafu kuna injini, Toyota nyingi tu, themostati yake ina kisahani cha pili kwa chini kinachoziba njia ya mkato, ukiitoa ile njia inabaki wazi muda wote, maji yanakatiza hapo bila kupita rejeta, siku unapanda Mombo kwenda Lushoto umejaza abiria gari inachemsha. Na iliondolewa ili isichemshe!

Ikifa imejifunga, ni kweli, gari itachemsha na gasketi ya silinda hedi inaweza kuungua. Ila dawa yake ni kuweka nyingine. Na kuipima rahisi, sufuria ya maji jikoni, ining'inize kwa uzi isiguse chini, washa moto, kabla maji hayajatokota inatakiwa iwe ishafunguka. Yametokota na bado imefumba, hiyo tupa.

Haya mama zangu, pasi. Ile "tik" mnayoiskia taa ikizima ni themostati, vipande viwili vya madini tofauti vimeshikanishwa, kimoja kinatanuka zaidi ya mwenzake, basi vinapinda vinakata umeme, vikipoa vinanyooka unarudi. Friji nalo linawaka na kuzima kwa mtindo huohuo ingawa ndani lina gesi kwenye kimrija. Na AC, hizi za kawaida za kuwaka na kuzima, ukiiweka 16 chumba hakipoi haraka kuliko ukiweka 24, kompresa inasukuma vilevile, tofauti ni kwamba ukiweka 16 haizimi, na luku inakwisha.

Kuna swali pale, mzee wangu mwenye kofia. Anauliza aliweka mpya na gari ikachemsha siku hiyohiyo. Mzee, tazama kile kitobo kidogo chenye kipini kinachochezacheza, kile ni cha kupitisha hewa, fundi anatakiwa akiweke juu, kikikaa chini hewa inanasa nyuma ya themostati, nta haipati maji ya moto ya kuiyeyusha. Mwambie aifungue aigeuze, ajaze maji taratibu injini ikiunguruma mpaka mapovu yaishe.