Mapigo ya moyo ya kichanga ndani ya sekunde 6: njoo tuhesabu pamoja

Habari zenu wakunga wenzangu, pamoja na nyie wanafunzi mnaosubiri zamu yenu ya kwanza leba mkiwa na matumbo joto. Leo tunampima kichanga kuanzia anapotoka hadi saa yake ya kwanza inapoisha. Huyu mezani ni mwanasesere wa mafunzo, watoto wa watu mimi siwarekodi. Ndani nimemjaza lita 2 za maji ya uvuguvugu, kwa hiyo ukimbeba unasikia uzito wenyewe, na shingo usipoishika kichwa kinalegea vilevile. Chini ya kitenge kuna vipira viwili. Kimoja ukikibinya kifua kinapanda, kingine ukikibinya kitovu kinadunda. Mwanafunzi wangu ndiye anayerekodi, na mkono wake wa pili ndio unaobinya. Mwanangu, uko tayari? Haya.

Maandalizi nayapitia haraka kwa sababu mnayajua. Nawa, vaa glavu, vitambaa viwili vikavu, kofia, ambu, ule mfuko wenye barakoa wa kumpulizia mtoto hewa, umeijaribu kwenye kiganja na inatoa hewa. Funga dirisha, zima feni. Chumba kisipungue nyuzi joto 25. Najua wa Dar mtanitukana, mwezi wa kwanza kuzima feni ni adhabu. Zima tu. Wewe unatoka jasho umevaa, yeye anatoka uchi na amelowa chapachapa.

Kitu kimoja tu hapa nakisisitiza: saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde. Usiniambie utatumia simu. Simu inajifunga, kioo hakisikii glavu yenye maji, na ukishaanza kukifuta hicho kioo kwenye apron, sekunde zako zimekwisha.

Mtoto ametoka. Taja saa kwa sauti, kila mtu aisikie. Mweke juu ya tumbo la mama, mkaushe: kichwa, mgongo, mikono, miguu. Kwa nguvu kidogo, maana kukausha kwenyewe ndiko kunakomwamsha. Kitambaa kilicholowa toa, tupa pembeni, weka kikavu. Wengi wanamfunika kwa kile kile kilicholowa, halafu baadaye wanashangaa mtoto wa baridi. Kofia kichwani. Hii ya njano nimeifuma mwenyewe na ninauza, lakini ya bure kutoka wodini nayo inafaa, mradi iwe kavu.

Sasa macho kwenye kifua. Analia? Safi, mwache hapo kwa mama, ngozi kwa ngozi, kitovu tunasubiri dakika 1 hadi 3 ndipo tukibane. Halii lakini anapumua vizuri? Naye yuko salama, siyo lazima kila mtoto atie kelele za kuamsha mtaa. Wa kumwogopa ni huyu hapa… mwanangu, binya mara moja, nyamaza, binya tena. Mmeona? Kinywa kinafunguka, kifua kinashtuka mara moja, kimya. Huko ni kutweta. Kutweta si kupumua! Mtoto anayetweta na asiyepumua kabisa wote wanahesabiwa kundi moja: sugua mgongo mara mbili tatu, na asipoitika, ambu. Ndani ya dakika ya kwanza, ile tunayoiita dakika ya dhahabu. Hakuna kumning'iniza miguu juu, hakuna makofi. Bibi zetu walifanya hivyo na walikuwa na nia njema, sisi tunafanya hivi.

Wale mnaodhani haya ni mambo ya makaratasi: mafunzo haya ya kumsaidia mtoto kupumua yalijaribiwa hapa hapa Tanzania, kwenye hospitali 8, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Vifaa vyenyewe vilikuwa vitambaa, ambu na mikono.

Haya, tumefika kwenye moyo, ndiyo sababu ya video yote hii. Sogea karibu. Karibu zaidi. Hapo.

Kitovu, pale kinapotokea tumboni, siyo katikati, siyo kule mwisho ulikobana. Vidole viwili, cha shahada na cha kati upande mmoja, gumba linaegemea tu upande wa pili. Usibane. Narudia, usibane. Kitovu kikiwa kibichi kinateleza, mkono wenyewe unataka kukikamata, na ukikikamata kwa nguvu unazima mapigo unayoyatafuta. Halafu unapiga kelele "hakuna moyo!", chumba kizima kinakimbia, mama anasikia. Shika kilegevu, tulia, subiri kidole kigongwe.

Sasa hesabu sekunde 6, kisha zidisha kwa 10. Mshale ukifika 12 naanza, ukiipita 1 kidogo naacha. Moja, mbili, tatu… Ngoja. Mwanangu, saa haionekani kwenye picha. Watahesabuje wao? Geuza meza. Hapana, geuza simu, meza ina mtoto. Sawa.

Tunaanza upya. Mshale kwenye 12. Moja… mbili… tatu… nne… tano… sita… saba. Basi. Saba mara kumi ni 70. Mbona 70? Nilikwambia ubinye haraka… eti alikuwa anaangalia simu, mkono ukasahau. Msikate hiki kipande, kiacheni. Jibuni nyie mnaotazama: moyo ni 70, unafanya nini?

Chini ya 100 anahitaji hewa. Siyo dripu, siyo dawa, siyo kumwita daktari kwanza halafu umngojee mlangoni. Hewa. Ambu, pumzi 40 hadi 60 kwa dakika, unaangalia kifua kinapanda. Kikipanda, baada ya muda mfupi moyo nao unapanda, na hakuna kitu kitamu kama kusikia kile kitovu kinaanza kukimbia chini ya kidole. Kisipopanda, tatizo ni kichwa kilivyokaa, au barakoa inavuja, au makamasi. Moyo ukibaki chini ya 60 na kifua kinapanda vizuri, hapo ndipo unahitaji timu nzima na kukandamiza kifua. Hiyo ina video yake.

Binya sasa, mwanangu, haraka haraka. Mshale… moja mbili tatu nne tano sita saba nane tisa kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. 130. Huyo ndiye mtoto wetu! Wengi wanacheza kati ya 120 na 160.

Na mimi napenda kugonga mezani kwa kidole kila pigo, hivi, tk-tk-tk. Mwenzako ana ambu mikononi, hawezi kuhesabu, lakini akisikia kidole chako kinavyogonga anajua moyo uko wapi bila kuuliza. Kuna wanaosema ni mbwembwe. Waache.

Usiposikia kitu kwenye kitovu je? Kwanza, umebana, legeza. Pili, kitovu kinaweza kunyamaza na moyo ukawa unafanya kazi. Chukua stetoskopu, weka kifuani upande wa kushoto, karibu na chuchu. Usitangaze msiba kwa sababu ya kitovu.

Kama umechanganyikiwa na hesabu imekataa kabisa, linganisha na mapigo yako mwenyewe: ya mtoto yakiwa na kasi kuliko yako, kwa kawaida yuko sawa. Ila kama wewe umekimbia kutoka wodi ya pili, usijitumie.

Oksimita, mashine ya kupima oksijeni kwenye damu. Kama unayo, vizuri, kama huna, yote tuliyofanya yanatosha kuanza. Kitambuzi hiki kinafungwa mkono wa KULIA, kiganjani au kwenye kifundo. Kulia. Damu ya mkono wa kulia ndiyo inayotuonyesha oksijeni inayoelekea kichwani. Mguuni utapata namba ndogo zaidi na utaogopa bure. Funga kwa mtoto kwanza, ndipo uchomeke waya kwenye mashine, inasoma mapema zaidi hivyo. Mwanasesere hana damu, kwa hiyo nakivaa mwenyewe kidoleni… 98. Bado nipo.

Ah. Umeme. Haya, washa tochi ya simu. Na tazameni hapa, mwanga umepiga moja kwa moja kwenye kitambuzi, namba zinaruka. Mashine haijaharibika. Funika kwa kitambaa, hivi. Imerudi. Hata taa ya hita inaweza kufanya huo mchezo, kwa hiyo kifunike siku zote.

Na hizo namba zisikushtue. Mtoto ametoka sasa hivi tumboni, kule oksijeni ni ndogo, hawezi kuwa 98 kama mimi. Dakika ya 2, 65 hadi 70 inatosha. Dakika ya 5, 80 hadi 85. Mpaka dakika ya 10 ndipo tunatafuta 85 hadi 95. Nimeona watu wanafungulia oksijeni kwa mtoto aliyetimiza miezi yake tisa tumboni, anayelia, moyo 140, eti kwa sababu mashine imeandika 66 dakika ya 2. Mwache! Rangi vilevile: viganja na nyayo za bluu ni kawaida mwanzoni. Wewe angalia ulimi na fizi, kwa watoto wetu weusi ngozi inaficha.

Pumzi zinahesabiwa tofauti na moyo. Moyo sekunde 6, pumzi dakika nzima, usifupishe, kwa sababu kichanga anapumua haraka, anasita sekunde chache, anaanza tena. Ukihesabu robo dakika utakuta kile kipande alichosita. Zinatakiwa 30 hadi 60, bila kifua kuingia ndani na bila kuguna.

Joto: kipimajoto kwapani, ncha iguse ngozi, mkono wa mtoto uubane ubavuni mpaka kilie. 36.5 hadi 37.5. Pungufu ya hapo, angalia kofia, angalia nguo iliyolowa, mrudishe kifuani kwa mama na wafunike wote wawili.

Apgar, zile alama za hali ya mtoto, unaandika dakika ya 1 na ya 5. Dk. Virginia Apgar alichapisha kipimo hiki mwaka 1953, na ni kizuri, lakini hakikuambii uanze kusaidia lini. Ukingoja dakika moja ujumlishe alama ndipo ushike ambu, umechelewa.

Baada ya hapo kila dakika 15 kwa saa ya kwanza: pumzi, rangi, joto, kitovu hakivuji damu. Hata kama mama wa pili ameanza kusukuma kitanda cha jirani, mtume mtu aangalie. Mtoto aliyelala kifuani, hakikisha pua iko wazi na shingo haijakunjika. Na kwenye faili andika saa uliyopima kweli, siyo 10:00, 10:15, 10:30 zilizonyooka utadhani ratiba ya mwendokasi. Kama ni 10:19, andika 10:19.

Mwanangu, zima tochi, chaji imebaki kidogo. Ufungue na barakoa tuioshe.