Oracle Haikuulizi Ufunguo: Leseni Ndani ya Otomatiki ya Hifadhidata

NEEMA: Karibu msikilizaji. Leo tunazungumza na wanaoendesha hifadhidata za Oracle kwa Ansible na Terraform, zana za kusimamia seva kiotomatiki, na mada ni leseni. Kaka Juma, otomatiki inazidishaje hatari?

JUMA: Asante, dada Neema. Oracle Enterprise Edition haiulizi ufunguo wa leseni. Ukishaisakinisha, vipengele vya ziada kama Advanced Compression (kubana data), Partitioning (kugawa jedwali vipande) na Diagnostics Pack (kuchunguza utendaji) vyote vimo na vinafanya kazi, umelipia au hujalipia. DBA, yaani msimamizi wa hifadhidata, akikosea kwa mkono, kosa linabaki kwenye seva moja. Likiingia kwenye playbook, faili ya maagizo ya Ansible, kufikia jioni limeshafika kila seva iliyo kwenye orodha.

NEEMA: Kosa gani huanza?

JUMA: Kigezo cha control_management_pack_access, kinachowasha Diagnostics Pack na Tuning Pack (ya kuboresha kasi). Kwenye Enterprise Edition kinakuja kikiwa DIAGNOSTIC+TUNING, yaani kimeshawashwa. Kwa hiyo kiolezo cha kuundia hifadhidata kikiweke NONE tangu mwanzo, na anayetaka kukiwasha aoneshe kwanza kuwa leseni ipo.

NEEMA: Tupige hesabu ili uzito wake uonekane. Seva ina prosesa 2 za Intel, kila moja kori 16. Hizo ni kori 32; zidisha kwa 0.5 ambayo Oracle inaitumia kwa Intel, unapata leseni 16. Kwa bei ya orodha, Diagnostics Pack ni dola 7,500 kwa leseni moja na Tuning Pack ni dola 5,000, na Tuning haitumiki bila Diagnostics. Jumla ni dola 200,000. Ongeza huduma ya msaada, asilimia 22, dola 44,000 kila mwaka. Seva moja hiyo, kwa kigezo ambacho hakuna aliyekigusa.

JUMA: Na ukishaweka NONE usidhani umemaliza. Skripti ya ufuatiliaji bado inaweza kusoma DBA_HIST_SQLSTAT, historia ya utendaji, bila kupata kosa lolote, na kuisoma tu kunahitaji leseni ya Diagnostics. Kwenye hatua ya kukagua msimbo weka grep (utafutaji wa maneno) ya DBA_HIST_ na V$ACTIVE_SESSION_HISTORY. Ikikuta kitu, mabadiliko yasubiri mtu ayapitie. Asiye na leseni atumie Statspack, zana ya kupima utendaji isiyodai leseni hiyo: ipo tayari kwenye rdbms/admin, unaendesha spcreate.sql.

NEEMA: Partitioning je?

JUMA: Hiyo inazimika kabisa. Simamisha hifadhidata zote za home moja, yaani folda ilimosakinishwa Oracle, endesha amri ya chopt disable partitioning, kisha ziwashe. Lakini sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanapoteleza. Viraka vya Oracle hutoka kila robo mwaka, na timu nyingi husakinisha home mpya pembeni halafu huhamishia hifadhidata huko. Home mpya haijui chochote kuhusu chopt uliyoendesha kwenye ile ya zamani. Partitioning imerudi, na playbook imeripoti kijani. Chopt iwe ndani ya kazi ileile inayotengeneza home, kabla hifadhidata yoyote haijahamia.

NEEMA: Mimi naona bakapu ndiyo inayonasa watu zaidi. Diski inajaa usiku, mtu anabadilisha mstari mmoja wa expdp, amri ya kutoa nakala ya data, kuwa COMPRESSION=ALL, faili zinapungua, kila mtu anafurahi. Kumbe ALL na DATA_ONLY zinadai Advanced Compression. Isiyo na gharama ni METADATA_ONLY, ambayo ndiyo chaguo-msingi. Kwenye RMAN, zana ya Oracle ya bakapu, ni hivyohivyo: BASIC haina neno, lakini LOW, MEDIUM na HIGH zinahitaji leseni. Nafasi ikibana, toa dump kawaida halafu uibane kwa gzip. Itachukua muda zaidi, lakini huna deni.

JUMA: Kuna na hifadhidata ya akiba, ya Data Guard, nakala inayosubiri kushika nafasi ya ile kuu. Kuifungua isomeke huku redo (rekodi ya mabadiliko) inaendelea kuingizwa ni Active Data Guard, tena leseni nyingine. Sasa otomatiki inawasha upya seva baada ya kiraka cha Linux, hifadhidata ya akiba inaamka na kufunguka, broka, msimamizi wa Data Guard, anaendelea kuingiza redo. Hakuna aliyeomba hivyo. Angalia open_mode kwenye V$DATABASE: ukisoma READ ONLY WITH APPLY, umeshaingia. Dawa ni srvctl modify database yenye -startoption mount, na playbook ikague open_mode kila baada ya kuwasha upya.

NEEMA: Na kama unatumia PDB, yaani hifadhidata ndogo ndani ya kubwa, toleo la 19c linakuruhusu ziwe 3 bila leseni ya Multitenant. Weka MAX_PDBS=3; mtu akijaribu ya nne, inakataa yenyewe. Natamani kila kitu kingekuwa hivi.

JUMA: Kwenye mazingira ya majaribio, Oracle inasasisha takwimu za matumizi mara moja kwa wiki, nawe huwezi kusubiri wiki. Lazimisha kwa DBMS_FEATURE_USAGE_INTERNAL.EXEC_DB_USAGE_SAMPLING, kisha uliza:

SELECT name, detected_usages, currently_used FROM dba_feature_usage_statistics WHERE detected_usages > 0;

Linganisha na orodha ya mlichonunua. Kikizidi, mabadiliko yasiende mbele. Usishtuke ukiona Partitioning (system), hiyo ni ya Oracle yenyewe. Ya kukuhusu ni Partitioning (user).

NEEMA: Kwa AWS na Azure, yaani seva za kukodi mtandaoni, kwa kifupi: vCPU (prosesa pepe) 2 zenye hyperthreading, ambapo kori moja huonekana kama mbili, ni leseni 1, na ile 0.5 haitumiki huko. Mashine ya vCPU 8 ni leseni 4. Ukubwa wa mashine kwenye Terraform uwe na kikomo, asije mtu akaupandisha kimyakimya.

JUMA: Na ukikuta matumizi ambayo hamkuyalipia, usifute rekodi. Tarehe ya kwanza na ya mwisho zinabaki kwenye jedwali, na kuzichezea ni kujitafutia kesi mbaya zaidi. Zima kipengele, hifadhi matokeo ya swali lile pamoja na tarehe, na utunze commit (rekodi ya badiliko la msimbo) iliyoleta tatizo. Kisha mpelekee mwanasheria na anayeshika mikataba siku hiyohiyo. Mikataba mingi ya Oracle inatoa notisi ya siku 45 kabla ya ukaguzi, na kazi hiyo haikamiliki vizuri ukiianza siku ya 40.