Ni Mkono wa Nani Umepita Hapa? Mazungumzo na wanaoanza kukusanya na kuagiza michoro halisi ya katuni

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze na wanaoanza, hivyo wakongwe waliokaa nyuma wanivumilie. Mengi nitakayosema wanayajua, na baadhi wameyajua kwa kulizwa, kama mimi.

Hebu tazameni ukurasa huu ninaouinua. Hauna rangi. Mgeni wa kwanza niliyemwonyesha alinipa pole, akidhani nimeuziwa kazi ambayo haijaisha. Lakini ndivyo zilivyo kurasa nyingi halisi za vitabu vya katuni vya Marekani, yaani karatasi zenyewe zilizochorwa kabla kitabu hakijachapwa: nyeusi na nyeupe. Mtu mmoja alichora kwa penseli, wa pili akapitisha wino juu ya penseli ile, wa tatu akaandika maneno kwenye viputo, na rangi ikapakwa na mtu mwingine kabisa kwenye nakala nyingine. Karatasi hii ilikuwa ya kazi, kama ubao wa fundi seremala. Hapa pembeni kuna maelekezo kwa penseli ya buluu, kwa sababu kamera za wachapaji hazikuiona buluu hafifu. Hapa mchoraji alikosea pua, akapaka rangi nyeupe, akaanza upya. Na hiki kipande cha juu ni jina la hadithi, limepigwa picha pembeni likagundishwa. Gundi yake imezeeka na kuacha doa la kahawia. Wapo wanaoliona doa hilo kuwa uchafu. Mimi ndilo lililonifanya niununue.

Ndiyo maana mtu akiniletea ukurasa siulizi kwanza kachorwa shujaa gani. Nauliza: ni mkono wa nani umepita hapa? Nitalirudia swali hilo mpaka mnichoke.

Lianze na kipimo. Karatasi ya kawaida ya kazi hizi Marekani ni inchi 11 kwa 17, na mchoro wenyewe unakaa ndani ya inchi 10 kwa 15. Kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 walichora kwenye karatasi kubwa zaidi ya hiyo. Basi mtu akikuletea ukurasa wa miaka ya 1950 wenye kipimo cha leo, kabla hujauliza bei, muulize imekuwaje.

Kwa kurasa za karibuni swali linakuwa gumu kidogo. Tangu miaka ya 1990 maandishi mengi yamehamia kwenye kompyuta, kwa hiyo ukurasa wa siku hizi mara nyingi hauna viputo. Ni watu wanaopunga mikono na kupanua midomo kimya kimya. Wapo wanaoupenda usafi huo. Mimi napenda kusoma, nimebaki na vya zamani. La kuangaliwa zaidi ni wino. Zamani karatasi moja ilisafiri kwa posta kutoka kwa mwenye penseli kwenda kwa mwenye wino. Sasa wa kwanza anaskani penseli zake na kuzituma kwa intaneti, wa pili anazichapa kwa buluu hafifu kwenye karatasi yake mwenyewe, kisha anapitisha wino. Ukurasa mmoja wa kitabu umezaa karatasi mbili, moja ya penseli tupu, nyingine ya wino tupu. Zote mbili ni kazi halisi. Lakini ile ya wino haijawahi kuguswa na yule ambaye jina lake ndilo lililokuvuta. Muuzaji mwaminifu atakwambia. Asipokwambia, chunguza buluu iliyo chini ya wino: ya penseli huwa na mikwaruzo na alama za mkono uliokandamiza, ya printa ni vidoto tu.

Wapo pia wanaochora kwenye skrini mwanzo hadi mwisho. Hapo karatasi haipo. Mtu akikuuzia chapa moja, yaani nakala iliyotolewa na printa, yenye sahihi na kuapa kwamba hatatoa ya pili, umenunua chapa na kiapo, na bei iwe ya chapa.

Nimesema kulizwa, basi niwape yangu. Mwanzoni kabisa nilinunua mchoro wa wino kwa kuuona kwenye picha tu. Ulipofika niliutia fremu, ukakaa ukutani miezi kadhaa, na kila aliyekuja nilimsimamisha mbele yake. Jioni moja jua lilipiga kwa upande, nikaona weusi wote umelala sawasawa, hakuna palipong'aa wala palipofifia. Nikatafuta kioo cha kukuzia. Vidoto. Nilikuwa nimetundika chapa, na watu wote wale walikuwa wamenisifia chapa. Tangu siku hiyo naomba picha mbili kabla ya kulipa: moja ya mgongo wa karatasi, nyingine iliyopigwa taa ikiwa ubavuni. Wino wa brashi hauwi sawa pote. Penseli iliyofutwa huacha kimfereji. Mgongo huwa na mihuri, namba, pengine hesabu za mtu za siku ile.

Bandia la mkono ni hatari zaidi, lakini lina udhaifu wake. Mlaghai hana ukurasa wa awali, ana kitabu kilichochapwa. Anakiweka juu ya meza ya taa na kufuatisha. Kitabu, kumbukeni, kilikatwa kingo; ukurasa halisi mara nyingi una mchoro unaoendelea kidogo kupita pale kitabu kilipokatwa, na mlaghai hajui kulikuwa na nini huko. Tena hana sababu ya kukosea pua halafu aifute. Kazi safi mno inanitia wasiwasi kuliko chafu. Msichanganye hilo na mchoraji mwenyewe anayelirudia jalada lake la zamani kwa ombi la mteja. Hiyo ni halali, nami ninayo moja, mradi iitwe marudio na iandikwe mwaka ilipochorwa.

Kuna upande wa swali hili ambao wakusanyaji hatupendi kuusema kwa sauti. Karatasi ilitokaje kwa aliyeichora? Hadi katikati ya miaka ya 1970 makampuni makubwa ya Marekani hayakuwa na desturi ya kuwarudishia wachoraji kurasa zao. Zilikaa ghalani, zikagawiwa wageni, zikatupwa, nyingine zikatoka kwa mlango wa nyuma. Mchoraji Jack Kirby aliichorea kampuni ya Marvel kurasa zaidi ya 10,000. Baada ya mvutano wa miaka, mwaka 1987 alirudishiwa takriban 2,000. Zilizobaki hazikuyeyuka zote, baadhi yake zinazunguka sokoni hadi leo. Sisemi msiguse kitu cha zamani. Nasema ulizeni ilitoka kwa nani, na jibu liandikeni mlihifadhi pamoja na ukurasa. Kurasa 24 za toleo la mwaka 1962 lililomleta Spider-Man, kazi ya Steve Ditko, ziliangukia kwa mtu ambaye mwaka 2008 alizitoa zawadi kwa Maktaba ya Bunge la Marekani na hakutaka jina lake litajwe. Nikiwafikiria watu wa fani yetu huwa namfikiria huyo kwanza.

Najua kuna waliokuja kusikia habari ya pesa. Januari 2022 ukurasa mmoja wa ndani wa mwaka 1984, uliochorwa na Mike Zeck, unaoonyesha Spider-Man akipata vazi lake jeusi, uliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.36. Si jalada, ni ukurasa wa ndani. Habari za namna hiyo huleta watu wanaonunua kwa masikio. Wewe unayeanza usiende huko. Bei ina ngazi zake: jalada liko juu, kisha ukurasa wenye picha moja kubwa, kisha shujaa akiwa ndani ya vazi lake akipigana, na chini kabisa kurasa za watu wa kawaida wanaozungumza. Anzia chini. Ukurasa ninaoupenda kuliko yote nilio nao ni wa mwanamke anayefunga mlango, visanduku sita, hakuna neno hata moja. Niliupata kwa bei ndogo kwa sababu hakuna shujaa ndani yake. Kwa kuutazama huo nimejifunza namna mchoraji anavyopunguza mwanga kutoka kisanduku hadi kisanduku. Jalada lingenifunza kujivuna tu. Na ukiingia mnadani, kumbuka nyumba ya mnada inaongeza ada yake juu ya bei ya nyundo, ile iliyofikiwa nyundo ilipogongwa, mara nyingi asilimia 20 au zaidi. Ipige hesabu kabla hujainua mkono.

Sasa kuagiza. Hapa karatasi bado nyeupe, na mwenye mkono yuko mbele yako.

Oda yangu ya kwanza niliiandikia maelekezo kumi na manne. Upepo utoke kushoto, goti liinuliwe kiasi hiki, nyuma kuwe na mnara, kwenye mnara kuwe na ndege. Mchoraji alitii yote kumi na manne. Mchoro ulikuwa maiti. Kila nilichokitaka kilikuwamo, yeye mwenyewe hakuwamo. Baada ya miaka kadhaa nilimwendea yule yule, nikamtaja mhusika yule yule, nikasema, "Mchore siku aliyochoka." Akaniuliza, "Basi?" Nikasema basi. Alimchora amekaa kwenye ngazi, kiatu kimoja mkononi, na mstari wa mgongo umepigwa kwa brashi mara moja tu. Wageni wangu husimama hapo bila kusimamishwa.

Kwa hiyo tumieni nguvu zenu katika kuchagua mtu, maneno yawe machache. Tazama anachora nini pale asipolipwa. Anayependa farasi usimpe pikipiki. Mpe picha mbili tatu za kumwongoza juu ya vazi na sura, basi, usimpelekee kazi ya mchoraji mwingine ukamwambia, "Nataka kama hii." Nimeona mtu akifanya hivyo, na nimeona uso wa aliyeambiwa.

Yanayofaa kubanwa kwa maandishi ni yale ya kikazi. Ukubwa wa karatasi. Kichwa na mabega, au mwili mzima, au pamoja na mandhari, maana kila nyongeza ina bei yake na kila mhusika wa pili ni kazi ya pili. Penseli, wino au rangi. Lini. Nani analipa usafirishaji. Na marekebisho: omba kuona mchoro mwepesi wa mwanzo, useme yako hapo, kwa sababu wino ukishapita haurudi. Ujumbe mfupi wa simu unatosha, mradi wote wawili mmejibu.

Malipo, nusu mbele na nusu kazi ikiisha. Niliwahi kulipa yote kwa mtu niliyemwamini, nikangoja miaka mitatu, na bado nangoja. Simtaji. Alikuwa mchoraji mzuri mwenye oda nyingi kuliko siku zake, na nadhani hata yeye aliniogopa mwishoni. Kwenye matamasha ya katuni, wachoraji wanapokaa mezani, mambo ni mepesi zaidi: orodha ya mchoraji hujaa asubuhi, unaondoka na karatasi yako jioni. Oda ya kufanyiwa nyumbani huchukua miezi. Uliza hali kwa adabu kila baada ya muda, bila kumhesabia siku. Bei akiitaja, ama lipa ama omba kitu kidogo zaidi. Kumpunguzia mtu thamani ya saa zake halafu ukategemea achore kwa furaha, hilo sijaliona likifanikiwa.

Wengine watawaambia msikubali mchoraji aandike "kwa fulani" na jina lenu, eti mchoro utashuka bei siku ya kuuza. Ni kweli utashuka. Yangu yote yameandikwa.

Utunzaji nitaupitia mbio. Wino wa kaboni unavumilia mwanga. Maka peni na rangi nyingi za kalamu za felti hazivumilii, zitafifia ukutani ukiwa unazitazama. Weka mbali na dirisha, tumia kioo kinachozuia mionzi ya jua, na kati ya kioo na karatasi pawe na nafasi. Mifuko iwe ya poliesta au polipropilini, usitumie plastiki ya PVC. Gamutepu isiguse karatasi hata upande wa nyuma. Buluu ya printa niliyoitaja huweza kuyeyuka kwa tone la maji. Mikono mikavu iliyonawiwa inatosha kushikia.

Dada aliyeko mbele ananiuliza kama akinunua ukurasa anaweza kuuchapa kwenye fulana. Hapana, dada yangu. Umenunua karatasi. Haki ya kuzalisha picha ile inabaki kwa mchoraji au kampuni, na kwa sheria za nchi nyingi haihami mpaka ihamishwe kwa maandishi. Hata mchoro uliouagiza mwenyewe uko hivyo hivyo. Kuutundika ni ruhusa, kumwonyesha jirani ni ruhusa, kuuuza wenyewe kama ulivyo ni ruhusa. Fulana, muulize aliyechora.

Muda umekwisha, naonyeshwa saa. Pale mezani nimetandaza kurasa kumi na moja, na moja kati yake ni ile chapa yangu ya aibu. Sijaweka alama. Vioo vya kukuzia viko viwili, mpokezane, na vikombe vyenu tafadhali viacheni huko huko kwenye viti.