Pomboo wa Tani Sita Ndani ya Dimbwi
Mhadhara wa wazi, Kisumu, mbele ya wanafunzi wa afya ya mifugo na wafugaji wa samaki wa vizimba

Mabibi na mabwana, wazee wetu, na ninyi wanafunzi mliokaa sakafuni kwa kukosa viti, hamjambo.

Nianze na jina. Mnyama wa leo wengi humwita nyangumi muuaji. Mimi nitamwita oka, maana jina lile la kwanza lina fitina ndani yake. Ni wa ukoo wa pomboo, tena ndiye mkubwa wao. Dume aliyekomaa hufika urefu wa mita 6 hadi 8 na uzito wa tani 6 au zaidi: wekeni matatu mbili za abiria kumi na wanne zilizojaa kwenye mizani, ndiyo huyo. Pezi lake la mgongoni husimama hadi mita 1.8, juu ya kichwa cha wengi wetu humu ukumbini.

Sheria ya Marekani ya wanyama wa maonyesho humhesabia oka urefu wa mita 7.32. Inataka upana wa dimbwi lake usipungue mita 14.63, yaani miili yake miwili, na kina kisipungue mita 3.66, yaani nusu ya mwili. Kaeni na hiyo ya mwisho kidogo. Mnyama akijisimamisha wima, mkia ukigusa sakafu, nusu yake iko nje ya maji. Bustani kubwa za maonyesho ya wanyama wa baharini huchimba zaidi ya hapo, mita 11 au 12. Lakini baharini oka hupiga mbizi mamia ya mita, na kilomita 100 kwa siku si safari ya kutajwa kwake. Ni kutoka hapa hadi Kericho na kuipita.

Kuna kikaratasi kimeletwa hapa mbele kinachouliza: tuna ziwa, tuna watalii, kwa nini Kisumu isijenge bustani ya namna hiyo? Tulipigie hesabu, kwa sababu matatizo mengi ya mnyama huyu huanzia kwenye hesabu ya maji.

Chukua dimbwi la mita 50 kwa 25, kina mita 8. Hizo ni lita milioni 10. Maji ya ziwa hayana chumvi, ya bahari yana kama gramu 35 kwa lita, kwa hiyo unatafuta tani 350 za chumvi: malori kumi na mawili au kumi na matatu ya tani 28. Maji ya ziwa huku yana joto la nyuzi 25 hivi. Oka wanaofugwa Marekani, ambao asili yao ni bahari za kaskazini, huwekewa maji ya nyuzi 11 hadi 13. Kuyashusha maji hayo nyuzi 13 ni kuyatoa joto la karibu kilowati-saa 150,000, na hapo ni mara ya kwanza tu. Jua la Kisumu litayapasha tena kila mchana. Halafu stima ipotee siku nzima, kama mnavyoijua, na pampu za vichujio zisimame.

Ndugu zangu wa vizimba kutoka Dunga na Usenge, ninyi hufiwa na samaki maji ya chini yasiyo na oksijeni yanapopanda juu. Asubuhi moja mnawakuta wameelea, na kila mtu anajua kuna tatizo. Oka hafi hivyo, kwa kuwa hupumua hewa. Anaweza kukaa katika maji mabaya miaka mingi akiwa hai, na mwenye dimbwi akaandika kwenye kitabu chake kwamba mambo ni shwari. Mnyama anayekula kilo 60 hadi 130 za samaki kwa siku hutoa mkojo na kinyesi kingi, humo humo. Bakteria huongezeka, kwa hiyo hutiwa klorini au ozoni. Klorini ikikutana na mkojo huzaa kloramini, na kloramini huchoma macho. Ile harufu kali ya bwawa la kuogelea hotelini, ambayo watu hudhani ni harufu ya usafi, ndiyo hiyo: klorini iliyokwisha kukutana na mkojo. Ukipunguza dawa, mwani na viini vinakushinda. Ukizidisha, macho na ngozi ya mnyama vinaumia. Kanuni za Marekani zinataka asidi ya maji na dawa zipimwe kila siku, na bakteria wa kinyesi kila wiki, wasizidi 1,000 kwa mililita 100. Mnaweza kufuata kanuni hizo zote na bado msimpe mnyama nafasi ya kunyoosha mwili.

Chakula nacho. Huko kwao, oka wengine huwinda samoni, wengine sili, na kila jamii hushikilia mlo wake kama mila. Dimbwini hupewa heringi na kapelini walioganda, waliohifadhiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Barafu haiui lishe yote, lakini vitamini B1 na E hupungua, na samaki hupoteza maji. Hilo la maji ni kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu oka hategemei kunywa maji ya chumvi. Maji yake huyapata ndani ya samaki. Ndiyo maana mtunzaji husimama asubuhi mbele ya ndoo, akainua shavu la heringi kwa kidole gumba, akapenyeza kidonge cha vitamini ndani ya matamvua, samaki mmoja baada ya mwingine. Baada ya hapo humrushia mnyama mabonge ya jelatini kumwongezea maji. Kazi hiyo hufanywa kwa uangalifu mkubwa, na wengi wa wanaoifanya wanawapenda wanyama hawa. Nalisema hili mapema ili asitoke mtu hapa akidhani shida ni watunzaji wakorofi.

Sasa meno, na wanafunzi wa mifugo mnisikilize vizuri hapa. Madimbwi hutenganishwa kwa milango ya nondo za chuma, na kingo zake ni za saruji. Mnyama mwenye akili, asiye na cha kuwinda, hutafuna kilichopo. Wengine huuma nondo wakitishiana na aliye upande wa pili. Jino husagika au kuvunjika hadi uboho wake ukawa wazi. Mabaki ya samaki yakiingia humo, panaoza. Daktari hutoboa jino na kuutoa uboho, kama kwa binadamu, ila tofauti inakuja hapa: kwa binadamu tundu huzibwa. Kwa oka huachwa wazi. Tangu siku hiyo tundu lile lazima lisafishwe kwa bomba la maji na dawa kila siku, maisha yake yote. Usipolisafisha, usaha hushuka kwenye taya, na kutoka kwenye taya maambukizi hupata njia ya kuingia kwenye damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliangalia oka 29 wa kampuni moja ya bustani. Wote walikuwa na meno yaliyoharibika kwa kiasi fulani. Kwa haki niseme kwamba baharini pia wapo wanaosagika meno, hasa wanaokula papa, maana ngozi ya papa ni msasa. Lakini huyo amesagika akila.

Kuna na mbu. Mnaweza kucheka. Oka wawili wa bustani za Marekani, Kanduke mwaka 1990 na Taku mwaka 2007, waliuawa na virusi vinavyosambazwa na mbu. Kirusi cha Taku kinaitwa West Nile, jina la eneo la hapo Uganda kilikogunduliwa mwaka 1937. Baharini oka yuko mwendoni, mgongo wake uko chini ya maji muda mwingi. Dimbwini huelea pale pale kwa saa nyingi, mgongo nje, usiku, na mbu anapata meza iliyoandaliwa. Kuelea huko huko ndiko kunakodhaniwa kulaza pezi la mgongoni, ambalo halina mfupa. Karibu madume wote wazima walio kifungoni pezi lao limeanguka upande. Baharini ni wachache mno.

Nimewachosha na maji. Nije kwa ukoo. Oka huishi chini ya bibi. Jike hubeba mimba miezi 17 hivi, huacha kuzaa katika umri wa kati, kisha huishi miaka mingi baadaye, wengine hadi 80 na zaidi, akiongoza wanawe na wajukuu kwenye samaki. Katika jamii za kaskazini-magharibi mwa Amerika, hata mwana wa kiume haondoki kwa mamake mpaka kufa. Kila ukoo una milio yake, na mtaalamu akisikiliza kinasa sauti anaweza kukuambia hao ni watoto wa nani. Sasa mwangalieni Kohana. Alizaliwa kifungoni Marekani mwaka 2002, akapelekwa Hispania mwaka 2006 bila mama, akazaa mwaka 2010 akiwa na miaka 8. Baharini wengi hawazai kabla ya miaka 12 hivi. Alimkataa mtoto, na watu wakamlea kwa chupa. Nani angekuwa amemfundisha? Bibi alikuwa ng'ambo ya bahari.

Changanya sasa koo mbili zisizojuana mahali pasipo pa kukimbilia. Kila mtu aliyewahi kubana kuku kwenye banda dogo anajua kinachofuata. Mwaka 1989 huko San Diego, jike Kandu alimvamia jike mwenzake, Corky, akajivunja taya mwenyewe, mshipa wa damu ukakatika, akavuja hadi kufa. Baharini mnyonge huogelea tu akaenda zake.

Kwa binadamu hesabu ni hii: hakuna kisa kilichothibitishwa cha oka wa baharini kumuua mtu. Dimbwini wamekufa wanne: 1991, 1999, 2009 na 2010. Katika vifo vitatu kati ya hivyo alihusika dume mmoja, Tilikum, aliyenaswa Iceland mwaka 1983 akiwa na umri wa miaka miwili hivi. Katika bustani yake ya kwanza, Kanada, yeye na majike wawili walifungiwa usiku katika chumba cha chuma chenye giza, upana mita 8 hivi tu. Mfunzi hufanya kazi kwa filimbi na samaki: filimbi humwambia mnyama amepatia, samaki humlipa. Mfumo huo hufanya kazi maadamu mnyama anautaka huo mshahara. Mwaka 2006 oka jike aitwaye Kasatka alimshika mfunzi mguu akamzamisha, akamleta juu, akamzamisha tena. Ishara za kumwita zilipigwa, wavu ukatandazwa, na mfunzi akapona kwa kutulia. Wakati huo samaki kwenye ndoo hakuwa na thamani yoyote. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya Marekani ilikubaliana na wakaguzi wa usalama kazini kwamba kumweka mfunzi karibu na oka katika maonyesho bila kizuizi ni hatari ambayo mwajiri angeweza kuizuia.

Upande wa pili, wa wenye bustani, una hoja, na hautendewi haki ukichekwa. Mapema miaka ya 1960 serikali ya Kanada ilisimika bunduki ya rashasha pwani ili kuwapiga oka, ingawa haikufyatuliwa. Watu walibadilika baada ya kuwaona kwa karibu. Muda wa mimba na vipimo vya kawaida vya damu tumevijua kupitia madimbwi. Sawa. Deni hilo lilikwisha kulipwa zamani. Onyesho la kuruka kwa muziki halimfundishi mtoto kitu ambacho mtafiti aliye ndani ya mashua hawezi kumwonyesha kwa picha. India ilikataza maonyesho ya pomboo mwaka 2013, California ikafuata kwa oka mwaka 2016, Kanada 2019, Ufaransa 2021.

Kwa waliobaki, wafungulie milango? Hapana. Oka dume aitwaye Keiko alirudishwa Iceland mwaka 1998 kwa gharama ya mamilioni ya dola, akafundishwa kuwinda, akafika Norwei kwa kuogelea mwenyewe, lakini hakuwahi kupokewa na ukoo wowote, na alikufa Desemba 2003. Nimonia. Ukiacha kuwazalisha, hawa ndio wa mwisho. Kinachobaki ni mahali pa kuzeekea. Huko Nova Scotia kuna mpango wa kufunga ghuba ya kama hekta 40, kina hadi mita 18, kwa wavu. Watu wa vizimba mtaona shida kabla sijaitaja: wavu huota mwani ukawa mzito, nanga huhama kwenye dhoruba, na kamba iliyolegea ni kitanzi. Lazima wazamiaji waukague mara kwa mara. Na yale meno yaliyotobolewa hayatajiziba kwa kuona bahari. Hata huko ghubani, kila asubuhi, kutakuwa na mtu wa kuteremka kwenye gati na bomba lake la dawa, ampigie filimbi, na oka mzee afungue kinywa.