Mzaramo na Mnyamwezi Chini ya Paa Moja

Shikamooni wazee wenzangu. Vijana, marahaba. Na nyinyi wanandoa wapya mliokaa mstari wa mbele, karibuni sana, maana nimeambiwa nimeitwa hapa kwa ajili yenu.

Aliyekuja kunialika alisema nije kueleza siri ya ndoa ya miaka 54. Neno hilo, siri, limenisumbua wiki nzima. Yaliyotuweka pamoja mimi na mzee wangu hayakuwahi kufichwa. Majirani waliyasikia dirishani, wajukuu wanayaigiza mpaka leo. Ni utani. Nataka niuseme kwa kirefu, kwa sababu naona unatoka majumbani mwetu na sioni anayeulilia.

Mimi ni Mzaramo wa Pugu. Mume wangu ni Mnyamwezi wa Tabora. Naona wazee wamekwisha kucheka, wao wanajua. Vijana, sikilizeni. Karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilitoka Unyanyembe, huko huko Tabora, kuja Bagamoyo kwa miguu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na kabla ya kuiona bahari walipita kwa Wazaramo. Mtu anayepita nchi ya mwenzake kila mwaka anahitaji maji, chakula, pa kulala, na pa kumzika ndugu yake akifia njiani. Watu wa namna hiyo ama watauana, ama watataniana. Wazee wetu walitaniana. Mtani akikuita mtumwa wake hukasiriki, akikamata kuku wako unamtazama tu. Lakini siku ukifiwa, yeye ndiye anayeshika jembe la kaburi. Huo ulikuwa mkataba, na haukuandikwa na karani yeyote.

Baadaye Wajerumani wakaleta reli. Walianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika hapa Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Babu yake mume wangu aliijua safari ya pwani kwa nyayo zake. Mjukuu wake aliijia pwani ndani ya behewa, mwaka 1969, kijana wa reli amepangiwa kazi stesheni ya Pugu.

Nilimwona mara ya kwanza nikiwa na baba yangu, nakwenda chuo cha ualimu na sanduku la bati. Akaitazama tiketi yangu, akaitazama tena, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia: "Mtumwa wangu, nani amekupa ruhusa ya kusafiri?" Nikamjibu: "Niliyemwomba ruhusa ni yule aliyemnunua babu yako kwa pishi ya chumvi." Baba alicheka akashika nguzo ya stesheni. Mtu anayemchekesha baba mkwe kabla hajawa mkwe amekwisha kulipa nusu ya mahari.

Tulioana mwaka 1971, mwaka uleule Bunge lilipotunga Sheria ya Ndoa. Nitairudia sheria hiyo baadaye, msiisahau.

Sasa, ndoa changa ina haya nyingi. Kwetu mke hamtaji mume kwa jina. Miezi ya mwanzo nilimwita "sikiliza" na yeye akiniita "wewe bwana". Alipozaliwa binti yetu wa kwanza tukapata majina, Baba Zuhura na Mama Zuhura, na tukapumua. Mpaka leo kuna vijana wanafikiri mzee wangu alizaliwa akiitwa Baba Zuhura. Lakini tulikuwa na njia nyingine ya kuitana ambayo haikuwa na haya, nayo ni ya kiutani. Akirudi kazini akiwa na jambo zito moyoni, alikuwa anasimama mlangoni anauliza, "Mzaramo yupo, au amekwenda ngomani?" Nikisikia hivyo najua leo kuna jambo. Na mimi nikitaka kumwambia kwamba amekosea mbele ya watoto, siwezi kumwambia Baba Zuhura amekosea. Ila Mnyamwezi naweza kumwambia. "Mnyamwezi umebeba mzigo vibaya leo, unamwangukia mtoto." Anaelewa, anaushusha.

Wanangu, hapo ndipo faida ilipo. Utani unakupa ruhusa ya kusema kweli, na unampa mwenzio nafasi ya kuisikia bila kuvuliwa nguo. Nimefundisha darasa la kwanza miaka 31, sijaona chombo kingine cha kumsahihisha mtu mzima kinachofanya kazi hivyo.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la reli nalo likagawanywa. Sisi tulikuwa kota za reli Tabora. Jirani zetu wa kushoto walikuwa Wakenya, wakafunga mizigo, wanawake tukalia kwenye jukwaa la stesheni. Halafu zikaja shida za miaka ya themanini, wakati sabuni ilipotoweka madukani na tukafua kwa majani ya mpapai. Sukari kwa foleni. Khanga ilikuwa habari ya kusimulia. Yale nayapita haraka, kila mzee hapa ana ya kwake.

Ila jambo moja la mwaka 1983 sitalipita. Mtoto wetu wa tatu, wa kiume, alifariki kwa malaria akiwa na miaka minne. Usiku mmoja alikuwa na homa, usiku wa pili hatukuwa naye. Nyumba yetu ilinyamaza. Watani walifika kama desturi. Kwa mtoto mdogo hawakuja kufanya vituko vya kuzuia jeneza na kudai hela, walijua. Mwanamke mmoja wa Kinyamwezi, mke wa fundi reli, aliingia jikoni kwangu akabeba sufuria zote, akazipeleka kwake, akasema, "Mzaramo hapiki hapa mpaka mimi nitakapotaka." Siku kumi na mbili alitulisha. Mnaona utani unavyofanya kazi? Angesema "pole, nitakusaidia kupika," ningekataa kwa heshima. Aliponinyang'anya sufuria sikuwa na la kukataa.

Lakini mimi na mume wangu hatukutaniana karibu mwaka mzima. Tuliongea vizuri, kwa adabu, kama wapangaji. Huo ndio wakati pekee nilioiogopea ndoa yangu. Watu huogopa kelele ndani ya nyumba. Mimi naogopa adabu iliyozidi. Halafu siku moja nilichoma ugali, moshi ukajaa ukumbini. Akasimama mlangoni, nikaona midomo yake inatetemeka, hajui kama inaruhusiwa. Akasema, polepole sana: "Mzaramo... yupo?" Nikalia pale pale na mwiko mkononi. Nikamwambia, "Yupo." Tukala ule ugali ulioungua, na usiku ule ndipo tulipozungumza habari za mtoto wetu kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Basi, wajukuu.

Tunao kumi na wanne, na vitukuu wawili. Kuna mambo ambayo mzazi na mtoto wake hawawezi kusemezana, na ni vizuri iwe hivyo. Mimi sikuwahi kumwambia Zuhura habari za ndani za ndoa; alipokuwa mwali kazi hiyo ilifanywa na somo wake na bibi yake. Zuhura naye haniulizi. Kati yetu kuna heshima kama ukuta. Lakini mjukuu ni mtani wako wa kuzaliwa. Mjukuu wa kiume nikimwita "mume wangu" na yeye akimtaka babu yake ahame kitanda, hakuna aliyevunja adabu. Mjukuu wa kike ananiita "mke mwenzangu". Ukuta ule haupo, na mtoto anapita anaona hadi ndani. Ndiyo maana nasema, ndoa hairithiwi kutoka kwa mama. Inaruka kizazi.

Nitawapa mfano, na mzee wangu amenikubalia niuseme. Alipostaafu alilipwa kiinua mgongo. Kabla sijakiona kwa macho, sehemu kubwa alikuwa amemkopesha ndugu yake mmoja kwa biashara. Hakuniambia. Nilisikia sokoni, kwa mtu baki, nikiwa nimeshika fungu la mchicha. Wanawake mliokaa hapa mnajua jinsi mtu anavyorudi nyumbani siku kama hiyo.

Sikupiga kelele. Nilinyamaza siku tatu. Chakula naweka mezani, maji ya kuoga siweki. Wakati ule tulikuwa tunaishi na mjukuu wetu wa kike wa miaka tisa, mama yake yuko kazini Mwanza. Tukaanza ule ujinga wa watu wazima: "Mwambie babu yako chakula tayari." "Mwambie bibi yako nitakula baadaye." Mtoto anakwenda, mtoto anarudi. Siku ya tatu jioni mzee alikuja na kifurushi cha nyama ya mbuzi, akasimama uani. Mtoto akamtazama, akaja jikoni, akashika kiuno, akaniambia: "Mke mwenzangu, mume wetu yuko uani na nyama, hajui amkabidhi nani. Nikaipokee mimi, au wewe bado ni mke?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Uani nikamsikia mzee naye anacheka. Mtoto wangu mwenyewe, hata akiwa na miaka arobaini, asingethubutu kuniuliza kama bado ni mke. Na lilikuwa ndilo swali.

Usiku ule tulikaa. Kicheko hakikulipa deni, msinielewe vibaya. Kilifungua mlango tu. Alinieleza yote, shilingi kwa shilingi, na mimi nikamweleza lililoniuma zaidi kuliko fedha, kwamba nilisikia kwa mtu baki. Tukafungua kaunta buku, tukaandika kilichokopeshwa na tarehe. Fedha ilirudi kidogokidogo, nyingine haijarudi mpaka leo. Lakini tangu usiku ule hakuna shilingi iliyotoka nyumba ile isiyoandikwa na kusomwa na wawili. Tuko kwenye daftari la saba.

Yule mtoto sasa ni mtu mzima. Mwaka jana alinipigia simu usiku, mchumba wake amemficha jambo la fedha. Hakuniuliza afanye nini. Alisema, "Bibi, nataka kununua kaunta buku, nianzie ukurasa gani?"

Niseme na hili, kwa ukali kidogo. Kuna watu wanaotumia neno utani kufunika uovu. Mume anamdhalilisha mkewe mbele ya wageni, akiulizwa anasema anatania. Mke anamcheka mumewe aliyepoteza kazi, anasema anatania. Huo si utani. Utani una pande mbili, kila mmoja ana haki ya kurudisha, na anayekutania, siku ya msiba wako, ndiye wa kwanza kufika. Na mkono ukinyanyuliwa, hapo hakuna mjadala. Ile Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema mume au mke hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Imekuwepo tangu mwaka nilioolewa. Binti akija kwangu na alama mwilini simwambii avumilie. Namfungulia mlango, namwekea maji ya moto, kisha twende polisi.

Ombi langu kwenu wenye watoto wadogo ni moja. Likizo ikija, tuleteeni wajukuu. Najua mnaogopa kutuchosha, najua nauli imepanda, najua kuna masomo ya ziada. Simu ya video naipenda, namwona kitukuu wangu anavyoota meno. Lakini kwenye simu mtoto anamwona bibi aliyejifunga khanga safi na babu anayetabasamu. Haoni siku ya tatu ya kununa. Haoni nani anaanza kusema. Mtoto anayeona wazazi wake tu, anaona watu wenye haraka, wanaogombana chumbani mlango umefungwa na kupatana chumbani mlango umefungwa. Kwetu milango iko wazi, na muda tunao.

Mwaka huu mjukuu wetu wa kiume, yule ninayemwita mume wangu, alitukatia tiketi za treni mpya ya umeme, kutoka hapa Morogoro mpaka Dodoma. Mzee alivaa koti lake la zamani la reli. Nilimwacha akae dirishani. Alitaka kuzihesabu stesheni kama alivyokuwa anafanya zamani, lakini ile treni haingoji: anataja Kilosa, tumekwisha kuipita, anainua kidole kunionyesha Gulwe, imekwenda. Njia aliyoijua kwa usiku mzima ilikuwa inamponyoka kwa saa mbili. Niliona macho yake yamelowa, nikatafuta la kusema, nikakosa.

Mjukuu akainama kutoka kiti cha nyuma, akamshika bega. "Mzee, wewe shuka Dodoma, umechoka. Mke wangu mimi naendelea naye."

Mume wangu hakugeuka. Alichukua mkono wangu, akauweka juu ya goti lake, akafunika kwa wake. Akamwambia, bado anatazama nje: "Mzaramo huyu ana tiketi yangu tangu Pugu."