Tacoma na F-250: Farasi Wengi, Mzigo Kiasi Gani?

Wazee wangu shikamooni. Vijana, dada zangu, kaka zangu, hamjambo. Waandaaji walinipa kichwa kirefu cha mhadhara, nikakikata. Nitazungumza juu ya pikapu za hapa Marekani: ile ya wastani, tuseme Toyota Tacoma, na ile ya kazi nzito, tuseme Ford F-250. Wengi wenu mmeanza shughuli. Yupo anayenunua magari mnadani, yupo anayekata majani, yupo anayehamisha samani za watu. Kila mmoja akija gereji ana swali hilohilo, ninunue ipi, na kabla sijafungua mdomo ananitajia nguvu za farasi. Tacoma ina 278, F-250 ya dizeli ina 475, basi kubwa ni bora.

Leo naomba tuwaache farasi malishoni. Pikapu hainunuliwi kwa injini. Inanunuliwa kwa kile kilichokaa chini ya mzigo.

Mkitoka hapa mkafika kwenye maegesho, itazameni tairi ya nyuma ya kila pikapu. Tacoma ina nati sita. Ford Ranger sita, Chevrolet Colorado sita. Nendeni kwenye F-250, au Ram 2500, au Silverado 2500HD, mtakuta nati nane, na katikati ya rimu habu, kile kitovu ambacho tairi inazungukia, imechomoza nje. Nyumbani Afrika Mashariki msitumie kipimo cha nati, maana Land Cruiser 79, pikapu inayopanda machimboni na mbugani kila siku, ina nati tano tu. Lakini habu yake ya nyuma imechomoza vilevile, na hilo ndilo la kutazama.

Kwa nini imechomoza? Kwenye pikapu ya wastani, shafti inayotoka kwenye difu, zile gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa tairi, ina kazi mbili. Inazungusha tairi, na papo hapo inabeba uzito wa gari, kwa sababu tairi imefungwa kwenye ncha ya shafti yenyewe. Kwenye F-250 kazi hizo zimetenganishwa. Uzito unabebwa na bomba la ekseli, kupitia beringi zilizo ndani ya ile habu kubwa. Shafti inapita ndani ya bomba na kazi yake ni kuzungusha, basi. Fundi anafungua boliti za nje, anachomoa shafti yote, na gari linabaki limesimama kwa tairi zake bila jeki. Ukijaribu hivyo kwa Tacoma, tairi inakufuata. Ni tofauti ya mpagazi mwenye gunia kichwani anayesukuma na mkokoteni, na mpagazi aliyeachiwa mkokoteni peke yake.

Mengine yote yanafuata hapo. Chasisi ya F-250 ni nene, springi za nyuma ni ngumu, diski za breki ni pana, tairi ni zile za lori zinazojazwa upepo hadi psi 80. Ndiyo maana ikiwa tupu inarukaruka kwenye lami mbovu mpaka chai inamwagika. Springi zinangoja mzigo. Mtu anayeendesha F-250 tupu mwaka mzima analipia ugumu asioutumia, na mgongo wake unalipa pia.

Sasa twende kwenye mlango wa dereva. Ukiufungua, kwenye nguzo kuna stika yenye maelezo ya tairi, na humo imeandikwa kwamba uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi pauni kadhaa. Naomba mshike hayo maneno, watu na mizigo. Wewe dereva umo. Mkeo na watoto wamo. Kiti cha mtoto kimo. Hata kifuniko cha chuma ulichofunga juu ya bodi baada ya kununua gari kinakatwa humo humo. Na namba hiyo ni ya gari hilo hilo lililo mbele yako, imehesabiwa likiwa na vikorombwezo lilivyotoka navyo kiwandani. Tangazo la televisheni halina habari nayo.

Kwa Tacoma mpya, namba hiyo ni kati ya pauni 1,100 hivi na 1,700 hivi, kutegemea aina. Nyingi nilizofungua milango yake ziko upande wa chini. Kwa kilo ni kama 500 na kitu. Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza, kwa sababu tumelelewa na Hilux. Hilux ya kule inabeba tani moja, kwa hiyo tunaiona Tacoma, tunaona nembo ni ileile, tunasema huyu ni ndugu yetu. Ndugu ni ndugu, lakini walitengana zamani. Mwaka 1995 Toyota iliweka Tacoma mahali pa pikapu ya ukoo wa Hilux iliyokuwa ikiuzwa hapa, ikaitengeneza kwa ladha ya mnunuzi wa huku, anayetaka ulaini wa kwenda kazini Jumatatu na kuteleza matopeni Jumamosi. Simenti mifuko 20 ya kilo 50, ambayo Hilux inaipokea bila kelele, kwa Tacoma ni karibu mara mbili ya kiasi chake.

Tupige hesabu ya mtu wa mnadani. Trela la kubebea gari, likiwa tupu, tuliweke pauni 2,000. Juu yake Camry, tuseme 3,500. Jumla 5,500. Kitabu cha Tacoma kinasema inavuta hadi 6,500. Mtu anafurahi, anawapakia rafiki zake watatu, wanakwenda zao. Lakini trela halivutwi hewani. Sehemu yake ya mbele inaikalia pikapu, na ili litulie barabarani, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake inatakiwa ikae pale kwenye ndoano. Chukua hiyo ya chini, pauni 550. Wanaume wanne wa pauni 180 kila mmoja ni 720. Ukijumlisha ni 1,270, na stika ya mlangoni inasema 1,200. Umekwisha kupita kabla hujaweka jeki, minyororo na jagi la maji. Na gari halijavuta hata nusu maili.

Ungekwenda peke yako ungefika salama, na hili nalisema wazi kwa sababu sikuja kuipiga vita Tacoma. Dereva mmoja, Camry moja, trela lenye breki zake, kazi inafanyika. Kilichoharibu hesabu ni marafiki.

Zile namba za kuvuta nazo zina siri. Makampuni mengi yanapima kwa kanuni moja iitwayo SAE J2807, na sehemu ya jaribio ni kupanda ule mlima wa Davis Dam, mpakani mwa Arizona na Nevada, katika joto kali huku kiyoyozi kinafanya kazi. Jaribio la haki kabisa. Lakini ndani ya pikapu wamehesabu watu wawili wa pauni 150 kila mmoja, yaani kilo 68. Humu ndani, baada ya miaka yetu ya kula chakula cha nchi hii, nani ana kilo 68? Asimame tumwone.

Basi mtu anasema, yaishe, nanunua F-250. Subiri kidogo. F-250 nyingi zimesajiliwa kwa uzito wa jumla wa pauni 10,000, gari pamoja na kila kilichomo. Ford yenyewe inauza gari hilo likiwa limewekewa kikomo hicho makusudi, kwa sababu ukipita 10,000 unaingia daraja jingine la uzito, na majimbo mengine yanakutoza zaidi. Chukua sasa ile ya kifahari: milango minne, dizeli, inayovuta kwa tairi zote, paa la kioo, viti vya kupoza mgongo. Yenyewe tupu inaweza kufika pauni 7,600. Toa katika 10,000, unabaki na 2,400. Umelipa bei ya nyumba ndogo, na uwezo wa kubeba haufiki hata mara mbili na robo ya ile Tacoma ya chini. Injini ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli kwa mamia ya pauni, na kila pauni ya anasa imekatwa kwenye mzigo wako. F-250 ya petroli, milango miwili, viti vya kawaida, isiyo na mbwembwe, inabeba zaidi kuliko ile ya bwana mkubwa, na inauzwa bei ya chini sana. Mimi hiyo ndiyo ninayompa mtu wa kazi, na mara nyingi ananuna.

Kwa nini basi mtu anunue dizeli? Kwa sababu ya kushuka. Wote mnafikiri ni kwa ajili ya kupanda. Nendeni barabara kuu ya I-70 magharibi ya Denver, kwenye tunneli ya Eisenhower, zaidi ya mita 3,300 juu ya usawa wa bahari. Ukiwa na trela la pauni 12,000 nyuma, mteremko unaotoka pale unaweza kuzipika breki zako mpaka zitoe moshi. Dizeli ya F-250 ina breki ya ekzosi, inabana moshi unaotoka injini na kulizuia gari bila wewe kugusa pedeli. Pia gari lenyewe lina uzito wa tani tatu na nusu hivi, kwa hiyo trela halipati nafasi ya kuliburuta. Tacoma ina tani mbili. Trela likianza kuyumba, anayeamua ni aliye mzito.

Lakini dizeli inataka kufanyiwa kazi. Injini hiyo inakunywa karibu lita 12 za oili kila ukibadilisha. Inataka DEF, ule mchanganyiko wa urea na maji. Ina chujio la masizi linalojisafisha kwa joto, na joto halipatikani kwa safari za maili tatu, nyumbani hadi dukani, dukani hadi msikitini. Chujio linaziba, taa inawaka, unakuja kwangu, nakuandikia bili. Na tafadhali, asije mtu kuniomba nimtolee hilo chujio. Sheria ya hewa safi ya nchi hii inakataza, na faini yake simwombei mtu.

Kuhusu mafuta, Tacoma inakwenda maili 20 na ushee kwa galoni. F-250 haina hata stika ya mafuta dirishani, kwa kuwa magari yenye uzito ulioidhinishwa wa zaidi ya pauni 8,500 serikali haiyadai stika hiyo. Usidhani muuzaji ameibandua.

Wenye biashara, nisikilizeni kwa hili. Wengine wamenunua pikapu ndogo wakidhani wanakwepa sheria za malori. Ukifanya biashara ya kuvuka majimbo, kinachohesabiwa ni gari pamoja na trela. Tacoma iliyoidhinishwa pauni 6,000 na trela lililoidhinishwa 7,000 ni 13,000, na kuanzia 10,001 unatakiwa uwe na namba ya USDOT, ya wizara ya uchukuzi ya Marekani, na cheti cha daktari, udogo wa pikapu haukusaidii kitu. Juu zaidi, gari na trela vikifika 26,001 na trela peke yake likazidi 10,000, hapo unahitaji CDL, leseni ya udereva wa magari makubwa ya biashara. Ndiyo maana mnaona wale wa mizigo ya haraka wana pikapu ya 14,000 na trela la 12,000. Wanasimama pauni moja tu kabla ya mstari.

Mzee pale mbele alikuwa ameniuliza kabla hatujaanza kama anaweza kuitumia F-250 miaka minne kisha aisafirishe Mombasa. Mzee wangu, kwanza usukani wake uko kushoto, na Kenya haisajili gari la namna hiyo kwa matumizi ya kawaida. Umri wa gari nao usizidi miaka minane. Pili, kama ni dizeli, imeundwa kwa mafuta yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, ilhali kiwango ambacho Afrika Mashariki ilianza nacho mwaka 2015 kilikuwa 50, na lile chujio na mitambo ya urea havipendi salfa. Ya petroli ingeepuka tatizo hilo la pili, la usukani lingebaki palepale. Fedha ya kusafirishia, weka. Kule kuna Land Cruiser 79 inayoundwa hapo hapo Mombasa, na fundi wake yuko kila mji.